Aliyefika Jana Ndiye Mwenyeji

Asalaam aleikum, na habari za jioni. Nimeombwa niongee juu ya kusafiri peke yako na kulala hosteli, na najua wengine mnangoja habari za kufuli na mikoba. Nitazifikia. Naomba nianzie mbali kidogo, Tunis, karibu miaka 700 iliyopita.

Mwaka 1325 kijana wa miaka 21 aliaga kwao Tangier, Morocco, akashika njia ya kwenda kuhiji. Ni Ibn Battuta. Alitoka peke yake, hana rafiki wala msafara. Baadaye akapata watu wa kuongozana nao, homa ikamshika njiani, akawa anajifunga kwenye tandiko kwa kitambaa cha kilemba asije akaanguka. Walipokaribia Tunis, watu wa mji wakatoka kuwalaki wageni. Huyu anasalimiwa, yule anaulizwa hali. Yeye hakusogelewa na mtu, maana hapakuwa na aliyemjua. Anasimulia mwenyewe kwamba machozi yalimshinda. Hujaji mmoja akamwona, akamwendea, akamsalimia, akawa naye mpaka wakaingia mjini, na kijana akapata pa kulala katika madrasa.

Sasa mfuateni hadi pwani yetu. Mwaka 1331 chombo chake kikatia nanga Mogadishu. Vijana wa mji wakaja kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana anamkabidhi mfanyabiashara sahani ile na kusema: huyu ni mgeni wangu. Akishashuka, anafikia kwa huyo huyo. Palikuwa na biashara ndani yake, kwani mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia mgeni wake. Hilo halinisumbui hata kidogo. Mgeni hakubaki ufukweni akitazama watu wakipita.

Hosteli ya leo haina kijana wa mashua. Ina mtu wa mapokezi, anakupa shuka, ufunguo na nywila ya intaneti, basi. Mwanzo haikuwa hivyo. Wazo lenyewe lilimjia mwalimu wa Kijerumani, Richard Schirrmann, mwaka 1909, alipokuwa kwenye matembezi ya miguu na wanafunzi wake. Mvua ya radi ikawakamata, wakajihifadhi usiku katika jengo la shule. Akawaza: shule hizi zikifungwa, kwa nini zisilaze vijana walio safarini? Hosteli zilipoanza huko, waliozisimamia waliitwa wazazi wa hosteli. Nalipenda sana jina hilo. Lina mtu ndani yake.

Niwasimulie yangu. Nilifika Kampala saa mbili usiku, nimechoka na basi. Bweni la wanawake, dabodeka nne. Mlango unafunguliwa kwa kadi, lakini mimi ni mtu wa Tanga, nikapiga hodi. Ndani wamo watano, kila mmoja na simu yake, hedifoni masikioni. Nikapiga ya pili. Ya tatu. Kwetu hodi ya tatu isipoitikiwa, unarudi ulikotoka. Sasa ningerudi wapi? Nikapanda kitanda cha juu, viatu mkononi, nikalala na njaa kwa sababu sikujua jiko liko wapi na niliona haya kuuliza.

Alfajiri nikafuata harufu ya moshi. Jikoni nikamkuta mama mmoja wa Bukavu, kule Kongo, mchuuzi wa vitenge, anasonga. Kashika ukingo wa sufuria kwa pindo la kitenge, mkono wa pili unageuza. "Jambo sana, mama," akaniambia. "Umekula?" Mimi nauita ugali, yeye bugali, na kijana wa mapokezi alipochungulia akauita posho. Kilichonishika macho ni mwiko. Ulikuwa wake, wa mbao, umeliwa upande mmoja kwa kusonga miaka mingi, na alisafiri nao begini. Nikamuuliza kwa nini abebe mwiko. Akasema watu wakiuona, wanakuja wenyewe.

Na yule mama alikuwa amefika jana yake. Ananizidi siku moja tu! Siku hiyo moja ilitosha kumfanya mwenyeji wangu. Mliosoma bweni mnalijua jambo hili. Siku ya kwanza ya kidato cha kwanza, aliyekuonyesha bomba la maji alikuwa nani? Mara nyingi ni mwenzako wa kidato hicho hicho, ila tranka lake lilitangulia kuingia asubuhi. Tumefundishwa kwamba anayekuja ndiye apige hodi, na ni sawa. Nawaomba muangalie upande wa pili: kitandani umelala wewe uliyekuja jana, na karibu iko kinywani mwako.

Kufuli, basi. Nunua lako. Pasipoti na fedha visikae chini ya mto. Dada zangu, bweni la wanawake likiwepo lichukueni, na kila jioni mtu wa nyumbani ajue mlipo. Anayetaka namba ya chumba chako kabla hajakujua vizuri, huna deni la kumjibu. Yule mama hakuniuliza nimebeba nini wala naelekea kwa nani. Aliniuliza kama nimekula. Tangu siku ile namsikiliza sana mtu kwenye swali lake la kwanza.

Wenye hosteli mliokuja kutoka Paje na Nungwi, nina ombi kwenu. Jikoni mmejaza visufuria vya mtu mmoja mmoja. Wekeni sufuria moja kubwa, meza moja ndefu, na mwiko.

Nimemaliza. Dada pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja Kampala. Karibu.