Aleli zilizojificha tunazihesabuje?

ZUHURA: Karibuni tena wasikilizaji. Ukiwatazama watu kwa macho tu, utajuaje aleli fulani, yaani mojawapo ya sura za jeni moja, imeenea kiasi gani miongoni mwao? Juma, tuanzie wapi?

JUMA: Tuanze na wenye sifa fiche. Tuseme kuna watu 400, na 64 kati yao wana sifa inayojitokeza pale tu mtu anaporithi aleli fiche mbili, moja kwa baba, moja kwa mama. 64 gawanya kwa 400 ni 0.16.

ZUHURA: Basi aleli fiche ni asilimia 16.

JUMA: La, dada, hapo ndipo wengi huteleza. Hiyo ni sehemu ya watu, si ya aleli. Kila mmoja wao ameipata aleli hiyo mara mbili, kwa hiyo, tukiiita sehemu ya aleli fiche kati ya aleli zote q, 0.16 ni q mara q. Tafuta kipeuo cha pili, unapata 0.4. Hiyo ndiyo q. Aleli tawala, p, ni 0.6 inayobaki kufikia 1.

ZUHURA: Mbona tusianze na wale 336 wenye sifa tawala? Si ndio wengi?

JUMA: Ni wengi, lakini wamechanganyika. Kuna wenye aleli tawala mbili na wenye moja tu, na kwa macho huwatofautishi. Ukishapata p na q ndipo unawagawa: p mara p inatoa watu 144, na 2pq, yaani 2 mara p mara q, ambayo ni 0.48, inatoa wabebaji 192, wale wenye aleli fiche moja tu wasioonyesha sifa.

ZUHURA: Wabebaji mara tatu ya wenye sifa yenyewe!

JUMA: Na sifa ikiwa adimu, pengo linazidi kupanuka. Ikimpata mtu 1 kati ya 10,000, q ni 0.01, na wabebaji ni 198 kati ya hao 10,000. Ndiyo maana aliyedhani ugonjwa wa namna hii utakwisha kwa kuwazuia wagonjwa wasizae alikosea vibaya, mbali na ukatili wake. Aleli karibu zote zimo kwa watu wenye afya zao.

ZUHURA: Na haya yalijulikana tangu 1908, kwa Hardy, mwanahisabati Mwingereza, na Weinberg, daktari Mjerumani, kila mmoja kivyake.

JUMA: Naam. Ila kuna sharti: watu waoane bila kujali sifa hiyo, wawe wengi, na pasiwe na aleli inayopendelewa na mazingira. Tulipotafuta kipeuo tulikuwa tumeshalikubali sharti hilo. Kwa hiyo 144, 192 na 64 kutimiza 400 hakuthibitishi chochote.

ZUHURA: Sasa tutalipimaje sharti lenyewe?

JUMA: Chukua sifa ambayo aleli zote mbili zinaonekana, kama makundi ya damu ya M na N. Hapo unahesabu moja kwa moja. Tuseme watu 100: wenye M 30, MN 40, N 30. Aleli zote ni 200. Za M ni 60 jumlisha 40. Kwa hiyo p, sasa sehemu ya M, ni 0.5, q ya N nayo 0.5, na 2pq inatabiri MN 50.

ZUHURA: Nasi tuna 40 tu.

JUMA: Huenda watu wanaoana ndani ya koo zao. Au umekusanya jamii mbili zisizooana ukazihesabu kama moja. Hizo namba hazikwambii ni lipi kati ya hayo. Itabidi urudi kwa watu wenyewe ukaulize nani anaoana na nani.