Farasi nje kwenye baridi ya Minnesota: tunawatesa au tunawatunza?

Habari za nyumbani, wapendwa wangu. Hapa ni Minnesota, Marekani, saa mbili asubuhi, jua ndiyo kwanza linachomoza, na kipimajoto cha ukutani kinaonyesha nyuzi 28 chini ya sifuri, za Selsiasi. Simu betri yake inakata haraka kwenye baridi hii, kwa hiyo mkiona nimepotea ghafla msishtuke.

Wengi mmeniuliza, na wengine kwa hasira: mbona farasi tunawaacha nje na theluji mgongoni, kwani hatuna huruma? Nimefurahi mmeuliza, maana huruma kwa mnyama ni kitu kikubwa. Njooni muone wenyewe.

Huyu jike mwekundu ametoka kulala nje. Ona mgongoni, theluji imetulia tu, haijayeyuka. Hiyo ndiyo dalili nzuri. Ingekuwa inayeyuka, maana yake joto la mwili linavuja. Sasa naingiza vidole chini ya nywele... hapa kwenye ngozi kuna joto kabisa, na pakavu. Nywele hizi zilianza kuota tangu siku zilipoanza kuwa fupi, baridi yenyewe ikiwa bado haijafika. Zikisimama zinashika hewa katikati yake, na ile hewa ndiyo inayomkinga. Farasi mwenye manyoya kamili ya baridi hustahimili mpaka kama nyuzi 8 chini ya sifuri bila mwili kuhitaji nguvu ya ziada. Chini ya hapo lazima umsaidie.

Kinachomwumiza haraka ni maji kwenye manyoya. Mvua ya kwenye nyuzi sifuri, na upepo juu yake, naiogopa kuliko baridi kavu ya leo. Nywele zikilowa zinalala, ile hewa inatoka, na farasi anaanza kutetemeka. Ndiyo maana tuna lile banda la kuta tatu, limeupa mgongo upepo wa kaskazini magharibi. Wanaingia na kutoka wapendavyo. Mtu atasema si mngewafungia ndani kabisa, mzibe na madirisha? Hapana. Mkojo unatoa amonia, vumbi la nyasi linajaa, na mapafu ya farasi hayavumilii hewa ya namna hiyo.

Lakini kama ungeniuliza kitu kimoja tu cha kuangalia, ningekwambia maji. Farasi mkubwa anahitaji kama lita 40 kwa siku, na msimu huu anakula majani makavu matupu. Maji yakiwa baridi sana anakunywa kidogo, na chakula kinakauka tumboni, kinaziba. Huo ni msokoto wa tumbo, na msokoto unaua farasi. Usidanganyike kwamba atalamba theluji. Haitoshi hata kidogo. Hodhi hili lina hita ndani. Nazamisha mkono... siyo ya moto, ila barafu hakuna. Na ukiona farasi anasogelea maji, anagusa kwa midomo, halafu anaruka nyuma, usiseme hana kiu. Zima umeme kwanza, kagua waya wa hita, huenda unavujisha shoti.

Twende kwenye nyasi. Watu wengi hudhani nafaka ndiyo inayompa farasi joto. Ni nyasi. Utumbo wake mkubwa una vijidudu vinavyochachusha nyuzinyuzi saa zote, na kazi hiyo inazalisha joto, kama jiko la makaa linalofuka usiku kucha. Farasi wa kilo 500 hula kama kilo 10 za nyasi kavu kwa siku. Baridi ya leo tunaongeza kilo 3 hadi 4, na sehemu kubwa tunampa jioni ili usiku ukimkuta tumbo liwe kazini.

Halafu macho yanadanganya. Manyoya yanamnenepesha farasi aliyekonda. Mimi napitisha mkono mbavuni, nabonyeza hivi. Nikizikuta mbavu kirahisi mno, chakula kinaongezwa siku hiyo hiyo. Yule mzee wa pale mwisho, meno yamekwisha, hawezi kutafuna vizuri, ndiyo maana amevaa blanketi. Kila siku linavuliwa, tunaangalia kama amelowa au amechubuka mabegani. Blanketi lenye maji ni baya kuliko kukosa blanketi.

Kwato tunazichokoa asubuhi na jioni, maana theluji inagandamana chini yake ikawa mabonge magumu, farasi anatembea kama amevaa viatu virefu na kuteguka ni dakika moja. Njiani tunamwaga mchanga. Lijamu naishika mkononi mpaka ipate joto kabla haijaingia kinywani. Chuma cha baridi hii kinanata kwenye ulimi.

Kwa hiyo nani tunamwingiza ndani? Mgonjwa, aliyelowa akatetemeka, na mgeni. Farasi akiletwa hapa Desemba kutoka Florida, manyoya yake ni ya kwenye joto, hayataota kwa wiki moja. Huyo analala ndani, na blanketi zito juu, na ndiye tunayemwamkia usiku kumwangalia.

Betri imebaki kidogo. Mwenye swali aniulize, nitajibu nikimaliza zamu.