Nimonia ya mara ya tatu

Asanteni. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini, na mbili zimeishia kwenye kunitambulisha, kwa hiyo naingia wodini moja kwa moja. Nazungumzia watoto wenye ugonjwa wa kudumu ambao tunawatibu ugonjwa wa leo bila kuwatambua.

Usiku mmoja nikiwa zamu nilimpokea mtoto wa miaka mitatu, anahema haraka, mbavu zinabonyea. Tukamwekea oksijeni, tukaanza sindano. Kulipopambazuka nikakaa na rejesta ya wodi, nikafunua kurasa za nyuma kutafuta kitu kingine kabisa, nikakutana na jina lile lile. Nimonia, siku tano, ameruhusiwa. Nikafunua tena. Nimonia, siku sita, ameruhusiwa. Mwandiko wa mara ya pili ulikuwa wangu.

Hakuna aliyeandika uongo. Lakini mtoto yule alikuwa na mtindio wa ubongo, anapaliwa karibu kila anapolishwa, na uji uliokuwa ukimwingia kwenye njia ya hewa ndio uliokuwa unamrudisha kwetu. Hilo halikuwa na safu yake kitabuni. Kwenye hesabu zetu za MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, mtoto mmoja amekuwa watoto watatu wa nimonia, wote wamepona.

Wenzetu wa Amerika Kaskazini wameshughulika na jambo hili miaka mingi. Mwaka 2000 daktari wa watoto Chris Feudtner na wenzake, wakichambua vifo vya watoto katika jimbo la Washington, walitumia kipimo hiki cha kumtambua mtoto mwenye ugonjwa mzito wa kudumu: ugonjwa unaotarajiwa kudumu angalau miezi 12, unaogusa viungo kadhaa vya mwili, au kimoja tu lakini kwa ukali wa kuhitaji bingwa wa watoto. Wakatengeneza orodha ya namba za magonjwa, kompyuta ya hospitali ikawa inaweza kuwachomoa watoto hao yenyewe. Huko Ontario, Kanada, utafiti uliotoka mwaka 2012 uliona kwamba watoto wa namna hii hawakufika hata mmoja katika kila 100, lakini walibeba karibu theluthi ya gharama zote za kutibu watoto.

Naiheshimu kazi ile. Ila kompyuta humwona mtoto ambaye ugonjwa wake umeshaandikwa na mtu. Wetu hawajaandikwa. Nchi yetu, Tanzania, ni miongoni mwa zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na bado wengi wanaletwa wodini kwa jina la "upungufu wa damu", wanaongezewa damu, wanarudi nyumbani. Mwingine alifanyiwa upasuaji wa kichwa kikubwa, ana mpira wa kushusha maji kutoka kichwani hadi tumboni. Anakuja na homa na kutapika. Ukimpima malaria na kipimo kikasoma ndiyo, umeridhika, na mpira wake umeziba. Pitisha vidole nyuma ya sikio, utaugusa chini ya ngozi. Sekunde tatu.

Ule utaratibu wa kuchambua wagonjwa mlangoni, hewa, kupumua, mzunguko wa damu, degedege, msiuguse. Unaokoa maisha. Lakini unakuambia nani atakufa saa hii, haukuambii huyu ni nani. Hilo linataka maswali, na mtoto akishatulia sisi huwa tumeshahamia kitanda kingine.

Mimi nauliza hivi. Mama, kuna dawa anayotumia kila siku hata akiwa mzima? Ameshalala hospitali mara ngapi tangu azaliwe? Anakula nini, nani anamlisha, na inachukua muda gani? Mama akisema kumlisha bakuli moja ni saa nzima, nimeshajua mengi. Halafu swali ninalolipenda kuliko yote: akiwa hana homa, anakuwaje? Ukimkuta mtoto amekakamaa, hajui kukaa, hujui kama ni leo au ni miaka yote. Mama anajua. Wapo walioniambia, "Sista, hivyo ndivyo alivyo, ila leo hajacheka." Hapo ndipo nilipomwita daktari wa zamu.

Msitegemee mama aanze yeye. Wengine wameshachekwa kwenye daladala, wameshaambiwa maneno na wakwe. Na mara nyingine anayemleta ni bibi, kadi ya kliniki imebaki kwa mama mjini. Muulizeni bibi bila haraka, shikamoo kwanza.

Sasa kuna jambo linalonitia hofu hata mimi ninayewahimiza. Mtoto akishajulikana, anaweza kusahaulika kwa njia nyingine. "Aa, huyu ni wetu, yuko hivyo hivyo." Raundi inampita. Nimeisikia sentensi hiyo kwenye makabidhiano ya zamu, na nimewahi kuisema. Kumtambua kumaanishe anaangaliwa mapema zaidi, la sivyo tumempiga chapa tu.

Na afanyiwe hayo akiwa bado kitandani. CHAIN, mtandao wa utafiti wa watoto wagonjwa wa Afrika na Asia, uliwafuatilia watoto waliolazwa, wa miezi 2 hadi 23, kwa miezi sita, katika hospitali tisa, zikiwemo za Kilifi, Mbagathi na Migori nchini Kenya, na Mulago nchini Uganda. Karibu nusu ya waliofariki walifariki baada ya kuruhusiwa. Sisi tulikuwa tumeshawaandika wamepona.

Faili hupotea, tusidanganyane. Daftari la mama halipotei, yeye huliweka pamoja na kanga za mtoto. Kwa hiyo pale kwetu tuliamua ukurasa wa kwanza wa daftari uwe wa mtoto mwenyewe: ugonjwa wake wa kudumu, dawa na dozi, uzito, anavyolishwa, na alivyo akiwa mzima.

Mtoto yule alikuja mara ya nne, usiku, mimi nikiwa nyumbani. Daktari wa zamu alikuwa kijana mgeni. Alisoma ukurasa ule, akainua kichwa cha kitanda, akasimamisha uji mpaka upumuaji utulie, kisha akaandika kwenye rejesta: nimonia ya kupaliwa, mtindio wa ubongo. Safu haikutosha, akamalizia pembeni.