Ubao Haukomi Kunywa Maji

Ndugu mafundi, asanteni kwa kuja. Nimeombwa niseme juu ya humido, yaani sanduku la kuhifadhia siga, zile sigara nene zinazoviringishwa kwa majani matupu ya tumbaku. Mimi sivuti. Kilichonivuta ni ugomvi uliomo ndani ya sanduku lenyewe.

Siga hutaka hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hadi 72 hivi. Ikikauka, majani hupasuka. Ikilowa mno, huota ukungu. Chumba chako huenda kina asilimia 45. Ubao uliozoea hewa ya namna hiyo hutulia ukiwa na maji kiasi cha asilimia 8 au 9 ya uzito wake mkavu. Katika hewa ya asilimia 70, hutulia kwenye 13. Basi chukua ukuta mmoja wa sanduku, mwembamba kuliko kidole: uso wa ndani unakunywa, uso wa nje una kiu. Usipojikunja huo, utajikunja upi?

Tufanye hesabu. Ubao wa upana wa milimita 200, uliopasuliwa kawaida, ukipanda kutoka asilimia 9 hadi 13 hutanuka karibu milimita 2. Kwa urefu hausogei kwa kiasi cha kukusumbua. Milimita 2 kwenye meza ya kulia hakuna anayeziona. Kwenye mfuniko unaopaswa kubana hewa, ni mlango wazi.

Sanduku langu la kwanza nililibandika gundi kila mahali, bitana (yaani mbao nyembamba za kuvika kuta kwa ndani) na kuta, kwa kiburi cha fundi anayetaka kitu kisitikisike. Wiki ya tatu mfuniko ulikuwa umeinua kona moja kama sahani iliyokaa vibaya. Nikaupiga randa, ukakaa sawa. Baada ya mwezi, kona ya pili ikainuka. Nilikuwa napigana na ubao, na ubao hauchoki.

Kwa hiyo mbao za asili za mahali mlipo zinafaa? Zinafaa sana, ila zichagueni kwa tabia, si kwa rangi. Tafuta ubao uliopasuliwa kuelekea kiini, ule ambao ukitazama kichwa chake pete za umri zimesimama wima. Huo hutanuka kwa upana karibu nusu ya mwenzake. Uache ukae ndani ya karakana wiki kadhaa kabla ya kuugusa. Mti wenye mafuta, kama mtiki, ufute kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupaka gundi, la sivyo kiungo kitakuachia. Na kama ubao wako ni mzuri lakini mkorofi, uchane vipande vyembamba ubandike juu ya plaiwudi, pande zote mbili. Ukibandika upande mmoja tu, plaiwudi nayo itapinda. Wapo watakaosema huo si useremala. Waacheni na mifuniko yao iliyopinda.

Ndani ni habari nyingine. Humido nyingi huvishwa bitana ya mwerezi wa Kihispania. Jina linadanganya: si mwerezi, na asili yake si Uhispania. Ni Cedrela odorata wa nchi za joto za Amerika, wa ukoo mmoja na mkangazi, na harufu yake inapatana na tumbaku. Ukitaka kujaribu mti wa kwenu, jaza maranda yake kwenye chupa, funga siku mbili, kisha fungua unuse. Msonobari na mkafuri vitakupiga puani papo hapo. Hiyo ndiyo ladha ambayo siga ingebeba. Bitana haipakwi vanishi hata tone, kwa sababu kazi yake ni kunywa unyevu na kuurudisha. Iwe na unene wa milimita 5 au 6, ibanwe kwa kukaa sawasawa tu, bila gundi. Vanishi ni ya nje.

Mfuniko: unganisha sanduku likiwa limefungwa pande zote sita, ndipo ulikate kwa msumeno. Nyuzi za mbao zitapita kutoka ukutani hadi mfunikoni bila kukatika. Bitana ya kuta za sehemu ya chini izidi ukingo kwa milimita 3, mfuniko uivae. Ukiuachia, usianguke kwa kishindo. Ushuke taratibu, hewa ikiuzuia. Kisha weka tochi inayowaka ndani, zima taa, tafuta mwanga unaovuja.

Sanduku jipya lina kiu. Weka bakuli dogo la maji yaliyotoneshwa ndani, funga wiki moja au mbili. Usilimwagie maji, litatuna kwa ghafla. Haigromita nayo, yaani kipimo cha unyevu wa hewa, usiiamini hivi hivi: tia chumvi ya mezani kwenye kizibo, ilowanishe iwe kama uji mzito, ifungie pamoja nayo kwenye mfuko usiopitisha hewa siku nzima. Lazima isome 75. Ikisoma 70, unajua inadanganya kwa 5.

Kitasa? Weka ukipenda, mradi tundu la ufunguo lisipenye hadi ndani. Sasa pokeeni hili, lizungushwe. Anayelifungua alinuse kwanza, kisha auachie mfuniko tusikilize.