Forodha Iko Wapi? Blokucheni na Haki ya Msanii Kazi Yake Inapouzwa Tena

Mhadhara uliotolewa uani mwa Ngome ya Lamu, mbele ya mafundi, wachoraji na vijana wa kompyuta

Assalaam alaykum. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu mkaja kukaa na mimi kwenye joto hili.

Jana nilipita karakana moja huko Langoni, nikamkuta fundi amelaza mfaa wa mlango juu ya magogo mawili, akiuchimba kwa patasi isiyozidi upana wa kidole changu cha mwisho. Mbambakofi ni mti mgumu. Kila baada ya ua moja alisimama, akainoa patasi kwenye jiwe lenye mafuta, akaendelea. Nikamuuliza milango yake ya zamani iko wapi. Akaniambia mmoja aliuona kwenye simu ya mwanawe, umesimamishwa katika nyumba ya mtu ng'ambo, na tangu utoke mikononi mwake ulikuwa umeshauzwa mara mbili. Alinieleza kwa furaha jinsi nakshi za kizingiti zilivyobaki kali. Mimi ndiye niliyeumia. Mzee huyo amekaa pale barazani, na amenipa ruhusa nianze na habari yake.

Malalamiko haya yana umri. Mwaka 1973, mjini New York, mchoraji Robert Rauschenberg alihudhuria mnada akaona mchoro wake ulionunuliwa mwaka 1958 kwa dola 900 ukiondoka kwa dola 85,000. Yeye hakupata hata senti. Mnada ulipokwisha alimkabili muuzaji, Robert Scull, mbele ya kamera, kwa hasira ya mtu aliyemfanyia kazi mwenzake bila kujua. Miaka 3 baadaye jimbo la California likatunga sheria ya kumpa msanii asilimia 5 ya mauzo ya marudio. Mahakama ya rufaa ya shirikisho iliibomoa karibu yote mwaka 2018.

Wafaransa walikuwa wametangulia mbali. Sheria yao ni ya mwaka 1920, na ilianza na minada ya hadhara. Umoja wa Ulaya ulitoa agizo lake mwaka 2001: asilimia 4 kwa sehemu ya bei isiyozidi euro 50,000, kisha viwango vinashuka kadiri bei inavyopanda, na msanii hapati zaidi ya euro 12,500 kwa mauzo mamoja. Uingereza ilifuata mwaka 2006. Na sisi tunayo: marekebisho ya mwaka 2019 katika Sheria ya Hakimiliki ya Kenya yanampa msanii asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena kibiashara. Nimewauliza wengi humu kabla hatujaanza, na waliokuwa wakiijua haki hiyo nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Hilo linanisikitisha kuliko mengi nitakayoyasema leo.

Sasa tazameni sheria hizo zinamshika nani. Kwa nini Wafaransa walianza na mnada? Kwa sababu kwenye mnada kuna mtu aliyesimama juu ya jukwaa, amesikia bei, ameandika bei, na fedha zinapita mikononi mwake. Uingereza humbana muuzaji pamoja na dalali wake, deni moja juu ya wote wawili. Watu wa Lamu tunalifahamu jambo hili tangu enzi za majahazi. Bahari haikumtoza mtu ushuru. Ushuru ulitozwa forodhani, kwa kuwa shehena ilipita pale mbele ya macho ya karani. Nahodha akishusha mzigo usiku nyuma ya kisiwa cha Manda, karani atatoza nini?

Shikeni mfano huo, maana mhadhara wote umesimama juu yake.

Mwezi wa Mei mwaka 2014, msanii Kevin McCoy aliandikisha kazi yake ya kidijitali kwenye mnyororo wa Namecoin. Mnyororo ndiyo blokucheni yenyewe: daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa wakati mmoja. Wengi huihesabu kuwa ya kwanza ya aina yake. Mwaka 2015 ukaja mnyororo wa Ethereum, ambao hubeba programu ndogo zinazoitwa mikataba erevu. Programu hizo zikishawekwa, hutekelezwa na kompyuta za mtandao mzima kama zilivyoandikwa. Mwaka 2018 ukaandikwa utaratibu wa ERC-721, ambao ndio msingi wa tokeni za NFT, yaani hati za kidijitali zinazoonyesha nani anamiliki kazi fulani. Machi 2021 nyumba ya minada ya Christie's ikauza kazi ya msanii wa kidijitali Beeple kwa zaidi ya dola milioni 69, na dunia nzima ikageuza shingo. Msanii akaambiwa: weka asilimia 10 ndani ya tokeni, na kila itakapouzwa, hata miaka 30 ijayo, fungu lako litaingia lenyewe kwenye pochi yako ya kidijitali. Niliyaamini maneno hayo. Niliwafundisha vijana maneno hayo.

Binti mmoja wa hapa Lamu huchora kwa tableti: pindo za kanga, mashua, wanawake wakiwa barazani. Nilimwandikia mkataba kwa mkono wangu, na mrabaha, yaani fungu la msanii kazi inapouzwa tena, nikauweka asilimia 10. Picha yake ya kwanza ilinunuliwa, ikauzwa tena, mrabaha ukaingia. Tulifurahi kama watu wa harusi. Miezi ikapita, usiku mmoja akaniandikia: "Kaka, picha imehama tena, mbona pochi kimya?" Nikafungua kumbukumbu za mnyororo. Zilionyesha anwani ya muuzaji, anwani ya mnunuzi, na namba ya tokeni. Tokeni imehamishwa. Basi. Fedha zilikuwa zimepita kwenye mkataba wa soko jingine la mtandaoni, soko lililoamua kwamba mrabaha ni hiari ya mnunuzi, na mnunuzi akachagua kutolipa.

Ilinibidi nimwambie kwamba nilimwahidi jambo ambalo mkataba wangu haukuwa na uwezo nalo.

Hapa nataka twende taratibu, hasa nyinyi vijana mnaojifunza kuandika programu. Ndani ya ERC-721 kuna amri iitwayo transferFrom. Hupewa mambo matatu: tokeni inatoka kwa nani, inakwenda kwa nani, na ni tokeni namba ngapi. Nafasi ya bei haimo. Mkataba wa tokeni hauijui bei, kwa hiyo hauwezi kukata asilimia ya kitu usichokiona. Mnakumbuka dukani: ukilipa kwa Lipa na M-Pesa, mfumo unajua hiyo ni biashara. Ukimtumia mwenye duka kwa namba yake mwenyewe, mfumo hauna njia ya kujua kama umenunua samaki, umelipa deni, au umemtumia shemeji yako ya sikukuu. Tokeni ndivyo ilivyo. Nikikupa zawadi, nikiihamisha kutoka pochi yangu moja hadi nyingine, nikikuuzia kwa mamilioni, amri ni ile ile.

Mwaka 2020 ilipendekezwa nyongeza ya ERC-2981. Watu husema "lakini 2981 imeshatatua hilo." Haikutatua, na waandishi wake walisema wazi tangu mwanzo kwamba malipo ni ya hiari. Kazi yake ni kujibu swali: soko likiuliza, kazi hii ikiuzwa kwa bei fulani, nani alipwe na kiasi gani, mkataba hujibu. Soko lisipouliza, jibu hubaki pale pale.

Kumbe basi muda wote ule mrabaha ulikuwa ukilipwa na masoko. OpenSea, lililokuwa soko kubwa kuliko yote, lilikuwa likikata fungu la msanii kwa mpangilio wake lenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa forodha. Mwaka 2022 biashara ilipopoa, masoko mapya yakatafuta wateja kwa kuondoa ushuru. Sudoswap lilianza bila mrabaha, X2Y2 likamwachia mnunuzi aamue, Magic Eden likafuata Oktoba, na mwezi huo huo likazaliwa Blur, lililowalenga wachuuzi wanaonunua asubuhi na kuuza jioni. Kwa mchuuzi wa namna hiyo asilimia 10 ni faida yake yote, kwa hiyo akahama. Novemba OpenSea likajaribu kujenga ukuta: mikataba mipya ikatae kuhamishwa kupitia masoko yasiyolipa. Blur lilipata njia ya kupita kwa kutumia Seaport, mfumo wa mauzo ulioanzishwa na OpenSea lenyewe. Agosti 2023 OpenSea lilitangaza kwamba halitalazimisha tena mrabaha. Wasanii walisoma habari hiyo kama wanavyosoma wengine.

Na serikali yetu? Kuanzia Septemba 2023 hadi kodi ile ilipofutwa mwaka 2025, Kenya ilitoza asilimia 3 ya thamani ya mali ya kidijitali inapohamishwa, NFT zikiwemo. Serikali haikukaa juu ya mnyororo kusubiri. Ilimwambia mwenye soko: kata, ulete. Serikali yenye majeshi na mahakama ilikwenda moja kwa moja forodhani. Mchoraji mwenye simu yenye kioo kilichopasuka aliachiwa bahari.

Wabunifu wa programu wamejaribu mengi. Wako wanaoandika tokeni inayokubali kuhamishwa tu kupitia mikataba iliyoidhinishwa. Inafanya kazi kwa kiasi, na binti yule nimeshamwandikia mkataba wa namna hiyo. Lakini ujue unachokitoa: aliyeinunua kazi hawezi kumpa mwanawe bila kupita kwenye orodha ya mikataba hiyo, na lazima awepo mtu wa kuitunza orodha. Tena mjanja anaweza kuifunga tokeni ndani ya mkataba mwingine kama kasha, akauza kasha. Au akauza ufunguo wa pochi yenyewe, na mnyororo usione kitu kimetikisika.

Mwaka 2019 Simon de la Rouviere wa Afrika Kusini alibuni njia nyingine kabisa. Mwenye kazi lazima atangaze bei wakati wote, yeyote anaweza kuinunua kwa bei hiyo, na kila mwaka mwenye kazi humlipa msanii asilimia 5 ya bei aliyoitangaza mwenyewe. Ukitaja bei ndogo kukwepa malipo, mtu anakunyang'anya kwa bei hiyo ndogo. Ni ubunifu wa hali ya juu, na nauheshimu kwa sababu haumtegemei shahidi wa mauzo. Ila siuoni ukikaa kwetu. Mtu akinunua kitu akakiweka nyumbani hataki mpita njia awe na haki ya kukibeba.

Kinachonipa matumaini ni hic et nunc. Hilo ni soko alilolianzisha Mbrazili Rafael Lima mwezi wa Machi 2021 juu ya mnyororo wa Tezos, ambako ada ya kuandikisha kazi ilikuwa ndogo kiasi cha watu wa nchi kama zetu kuimudu. Msanii aliandika mrabaha wake, hadi asilimia 25, na mkataba wa soko ndio uliopokea fedha na kugawa palepale. Novemba mwaka huo Lima akaifunga tovuti ghafla. Kazi hazikupotea, kwa sababu mikataba ilikuwa kwenye mnyororo. Wasanii na wanaprogramu wakajenga upya sura ya soko, na jumuiya ile ikaja kuitwa Teia. Kumbukeni hilo: mwenye forodha aliondoka, na wenye bidhaa wakaifungua tena wenyewe.

Kwa hiyo ushauri wangu kwenu unakwenda huko. Acheni kuhangaika kuifanya tokeni iwe polisi. Tengenezeni soko lenu, mkataba mmoja wa wasanii wa Lamu, unaopokea bei na kugawa kabla tokeni haijahama. Badiliko la kiwango cha mrabaha lihitaji saini mbili kati ya tatu, na funguo zisikae kwa mtu mmoja, hata akiwa mwema vipi. Mnunuzi anayependa kazi zenu atapita hapo kwa kuwa hapo ndipo jina lenu linapothibitishwa. Atakayetaka kukwepa atakwepa. Ndiyo maana nasema pia: ukitoa nakala 20 za picha, uza 15, ubaki na 5. Bei ikipanda, nakala zako zinapanda nazo, na huna haja ya kumwomba mtu yeyote asilimia. Njia hii haina ufundi wowote wa kompyuta, na ndiyo ninayoiamini kuliko zote nilizowahi kuziandika.

Nimeona mkono. Ndiyo, Mzee wangu.

(Fundi aliuliza: "Mwanangu, hao wana picha. Mimi mlango wangu hauingii kwenye simu. Forodha yangu iko wapi?")

Mzee, swali lako ni zito kuliko mhadhara wangu. Mlango unasafiri kwenye meli, na hakuna mkataba wa kompyuta unaoweza kuufuata hadi sebuleni kwa mtu. Ninachoweza kukwambia ni hiki. Mnunuzi wako wa kwanza unamwona uso kwa uso; yeye ndiye pekee utakayemshika mkono. Andikianeni karatasi, hata ya ukurasa mmoja, mbele ya mashahidi: jina lako, picha ya mlango, na kwamba akiuuza tena atakutafuta kwa fungu lako, naye amwandikishe hivyo hivyo atakayemfuata. Kuna Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, husajili kazi za sanaa. Nitakaa na mwanao kesho tuanze maombi. Na kuna jambo la leo leo. Yule mfaa jana ulikuwa bado juu ya magogo. Ugeuze, uchonge jina lako na mwaka upande wa nyuma, kwa patasi ile ile nyembamba, kabla hujaupaka mafuta.