Kupima Viyeyusho Katika Maji Taka ya Kiwandani: Anza na Kichupa

Karibuni tena. Leo tunapima viyeyusho vya kikaboni kwenye maji taka ya kiwandani: benzini, toluini, zailini, dikloromethani na ndugu zao. Swali ninaloulizwa kila mara ni la mashine. Mimi leo nitakaa kwenye kichupa, maana viyeyusho hivi ni vitoro. Dikloromethani huchemka kwenye nyuzi 40 tu. Ikishapeperuka njiani, hakuna mashine ya kuirudisha.

Vaa glavu na miwani. Kalamu ya wino mzito iache mbali. Ile harufu yake ni kiyeyusho. Lebo andika kwa penseli.

Tunatumia vichupa vya kioo vya mililita 40, vyenye kifuniko cha skrubu na kizibo laini chenye utando wa tefloni upande wa ndani. Chupa ya plastiki hapana, hufyonza. Nimetangulia kutia matone mawili ya asidi haidrokloriki ili pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, ishuke chini ya 2 na bakteria wasile sampuli. Maji yakitoka povu yakikutana na asidi, chukua kichupa kisicho na asidi na upime ndani ya siku 7.

Chota mahali maji yanapopita kwa utulivu. Usikusanye maji ya kutwa nzima kwenye ndoo wazi. Utapeleka maabara ndoo ya maji ambayo viyeyusho vyake vimekwisha kupeperuka.

Sasa tazama mkono wangu. Nainamisha kichupa, maji yanateleza ukutani taratibu, bila kububujika. Nasimama yakishatuna juu ya mdomo, kabla hayajamwagika na asidi. Nafunika. Nakipindua juu chini, nakigonga kwa ukucha. Umekiona hicho kinachopanda? Kiputo, na viyeyusho hukimbilia kwenye hewa yake. Kichupa hiki nakiweka kando, najaza kingine. Nachukua viwili au vitatu kwa kila sehemu.

Weka kwenye kasha la barafu, nyuzi 4 hivi, pamoja na kichupa cha maji safi kilichojazwa maabara na kusafiri safari yote bila kufunguliwa, kitueleze kama uchafu umeingia njiani. Vyenye asidi vipimwe ndani ya siku 14.

Maabara, sampuli hupashwa moto ndani ya kichupa kilichofungwa, mvuke wake ukaingizwa kwenye kromatografu ya gesi yenye kipima masi, mashine inayotenganisha viyeyusho na kuvitambua kimoja kimoja. Kile kifaa cha mkononi cha kunusa mvuke kinafaa kwa ukaguzi wa awali wa haraka, lakini taa yake ya kawaida ya eV 10.6 (eV ni kipimo cha nishati) haiioni dikloromethani kabisa. Sifuri yake isikulaze usingizi.

Majibu yakija, anza kusoma kile kichupa cha maji safi. Kikiwa na toluini, basi toluini ya sampuli zako imeingia mashakani. Usijaribu kutoa namba hii kwenye ile. Rudi ukachote upya.