Gari Inavuma Barabarani? Anza na Tairi, Malizia na Bushi

Haya, karibuni tena gereji, hapa Ndeeba, Kampala. Mtanisamehe kwa makelele, jirani anachomelea geti. Leo ni hii Toyota Premio: mwenyewe anasema akishika barabara ya Masaka hasikii hata redio.

Kabla hujanunua mazulia ya kuzuia sauti, sikiliza kwanza. Ukiwa kwenye 60, pinda kidogo kulia, halafu kushoto. Mvumo ukizidi unapopinda kulia, mara nyingi ni beringi ya gurudumu la kushoto, maana uzito umeegemea huko. Usipobadilika, twende kwenye tairi.

Upepo: soma kibandiko cha mlango wa dereva. Gari za Japani huandika kPa, na 220 ni kama PSI 32. Kuna watu wanajaza 40 eti tairi idumu! Ikishakuwa ngumu hivyo, kila kokoto unaisikia kitini.

Sasa pitisha kiganja juu ya meno ya tairi, kwenda na kurudi. Kwenda laini, kurudi kunakwaruza? Alaimenti, yaani ulinganifu wa magurudumu, imeharibika. Ukikuta mabonde na vilima, shokapu zimekufa, tairi inadunda badala ya kuviringika. Sogeza kamera... huku, huku, unaniwekea kivuli! Naam. Hii hata uifanyie balansi itavuma tu.

Soma na tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mpira ukizeeka hukauka na kupiga kelele. Ukinunua mpya, angalia meno yake: hayalingani ukubwa, na ni makusudi, ili sauti zisirundikane zikawa mlio mmoja. Yale makubwa ya matope mwachie anayekwenda Karamoja. Wewe wa Entebbe unayataka ya nini?

Bushi sasa, kile kipande cha mpira chenye bomba la chuma, kinachokaa kwenye maungio. Jeki, stendi, toa gurudumu, mnajua. Hii bushi ya nyuma ya amu ya chini, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu, ndiyo humeza mishtuko isifike kwenye bodi. Tazama ilivyochanika, chuma kinagonga chuma. Itoe kwa presi, siyo kwa nyundo. Za poliurethani zinadumu, lakini ni ngumu na zinapitisha sauti. Nauza zote mbili, ila kwa kelele chukua mpira.

Hapa sasa, nisikilizeni. Bolti za bushi zishike kwa vidole tu. Usikaze gari ikiwa juu! Mpira umegandishwa kwenye bomba lake la ndani. Ukikaza amu ikiwa inaning'inia, gari ikishuka mpira unabaki umejisokota mchana na usiku, na hauchelewi kuchanika. Wee kijana, weka spana chini! Mnaona? Hata hapa kwangu.

Kaza gari ikiwa imesimama kwa magurudumu yake, wewe ukiwa shimoni chini yake. Huna shimo? Weka jeki chini ya amu, karibu na boli jointi, pale amu inapoungana na gurudumu, uinue mpaka bodi itake kuachia stendi. Uzito umeshakaa, sasa kaza. Narudia: uzito kwanza, spana baadaye. Stendi isitoke hata hivyo, usiamini jeki.

Rudisha gurudumu, peleka alaimenti, halafu ijaribu kwenye lami ileile iliyokuwa inavuma, kwa mwendo uleule, redio imezimwa. Ukija kununua bushi, njoo na ile ya zamani mkononi. "Ya Premio" peke yake hainitoshi, miaka inatofautiana.